Gome la Pili

Kila Jumanne namchoma baba yangu sindano
katika zahanati ya Kyotera.
Chupa tatu: kifuniko cha zambarau, cha njano, cha kijivu.
Namwandika kwa namba, si kwa jina:
sifuri kumi na saba.

Wataalamu walitufundisha kwa picha ukutani:
seli ikizeeka haifi, wala haifanyi kazi,
hukaa tu, kama mgeni aliyeshiba akasahau kuaga,
ikitema sumu kidogo kidogo kwa majirani.
Kidonge kinamtoa mgeni nje.
Nusu ya wazee wanapewa dawa, nusu wanga mtupu.
Nani kapewa nini, hata sisi hatujui.

Baba alicheka.
"Hilo ndilo mmeligundua leo?
Mutuba naubandua gome kila masika,
naufunga majani ya mgomba kama mzazi wa jana,
mwakani nakuta gome jipya, laini kuliko la kwanza.
Nipeni hicho kidonge."
Akatia dole gumba kwenye fomu
kabla sijaufikia ukurasa wa madhara.

Miaka themanini na tisa,
na zile nyundo tatu za mti bado zinakijua kiganja chake.
Chini ya kitanda lipo gome alilojipondea mwenyewe,
sanda yake, rangi ya kichuguu, limekunjwa mara nne.
Kila Pasaka analianika,
analikung'uta mende,
analirudisha.

Mrithi ni kaka yangu Bwanika.
Mwalimu mstaafu, magoti yamejaa maji,
mkopo wa chama haujaisha.
Alikingoja kibanja akiwa na nywele,
akakingoja akiwa na upara.
Hakupaza sauti. Alinivuta nyuma ya tangi la maji:
"Mnamwongezea miaka, sawa.
Hiyo miaka mnaitoa wapi?"

Sikumjibu. Wodi ya pili
mtoto wa Nansikombi alikuwa anangoja damu,
umeme umekatika tangu alfajiri,
na jokofu la hospitali limekuwa kabati.
La utafiti lina jenereta yake.
Lilikuwa linanguruma.

Mvua za vuli, Bwanika akaanguka
akimfunga mbuzi kamba. Moyo.
Sitini na nne.
Hakuna aliyekuwa na sanda tayari,
ila mmoja.
Baba akapiga magoti, akalivuta gome mwenyewe,
akakataa kusaidiwa.
Lilikuwa refu mno kwa Bwanika.
Tukalikunja miguuni.

Jumanne iliyofuata alifika saa mbili kasoro,
kaoga, kadi mkononi.
Nikamsomea tena ile sentensi: unaweza kuacha
siku yoyote, bila kutoa sababu.
Akapandisha mkono wa kanzu.
"Mshipa wa kushoto," akasema. "Wa kulia umechoka."
Sindano ikiwa ndani akaniuliza, uso ukutani,
"Ni wanga, eti?
Niambie ni wanga."

Sijui, baba.

Chupa ikajaa. Nikabandika namba.

Disemba binti wa Bwanika akajifungua wa kiume.
Kwetu jina hutoka kwa aliyelala,
aliye hai bado amelivaa.
Kwa hiyo jina lilikuwapo, likiwa na joto bado.

Mutuba umebanduliwa tena, umefungwa majani.
Hajatuambia gome hili ni la nani,
nasi hatuulizi, tunahesabu tu
nani kati yetu anakohoa.

Na jioni namsikia akipita kati ya migomba,
miaka tisini na moja, mgongo umenyooka
kupita haki yake,
kikombe cha maziwa mkononi:
"Bwanika! We Bwanika, njoo!"
kwa sauti ileile ya zamani, ya hasira kidogo,
na mlangoni kitu kidogo kinaitika,
kinakuja kikitambaa.